Ndevu za Beberu

Baba ananyolewa kila Ijumaa asubuhi, kabla ya saa nne, ili apate muda wa kuoga na kuvaa kanzu bila kuharakishwa. Anayemnyoa ni mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia hudhani wamesikia vibaya: binti mtu mzima, mwandishi wa habari, anamnyoa baba yake ndevu? Kaka yangu yuko Mwanza. Mama alishatangulia mbele ya haki. Kinyozi wa mtaani alikuja mara mbili na mara zote mbili akamkata, kwa sababu kiharusi kilichompiga Baba upande wa kulia kilimwachia shavu lililolegea, na shavu la namna hiyo linataka mtu ambaye hana foleni ya wateja inayomsubiri. Basi ikawa mimi.

Kazi tuligawana bila kukaa kikao. Wembe ni wangu, brashi ni yake. Mkono wake wa kushoto, ambao kwa miaka zaidi ya sabini ulikuwa msaidizi tu, sasa ndio mkono wenyewe, na bado unajifunza. Wembe hauwezi. Lakini brashi haimkati mtu. Anaweza kuizungusha kwenye bakuli mpaka povu liumuke, akajipaka mwenyewe kidevuni, akakosea akapaka sikio, tukacheka. Katika siku nzima ya kufungwa vifungo, kuvalishwa viatu na kushikwa mkono kwenda chooni, zile dakika tano ndizo anazofanya jambo mwanzo mpaka mwisho bila mtu kumgusa. Mimi nakaa pembeni na taulo begani, nasubiri zamu yangu.

Kwa hiyo brashi ilipoanza kunyonyoka mwaka jana, masika, halikuwa jambo dogo nyumbani kwetu.

Aliinunua Mombasa mwaka 1976. Alikuwa karani kijana wa reli, Tanga, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Mombasa ilikuwa mahali pa kwenda na kurudi bila maneno mengi. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Anasema katika miaka ile ya uhaba, sabuni ilipokuwa ya kutafutwa kama dawa, brashi ile ndiyo iliyomfanya aende kazini akiwa nadhifu. Ukijipaka sabuni kwa kiganja, nyingi inapotea. Ukitumia brashi, kipande kidogo tu kinatoa povu la uso mzima, maana nywele zake hushika maji na hewa pamoja, na povu si kitu kingine ila maji, sabuni na hewa. Alikuwa anakifunga kipande chake cha sabuni kwenye gazeti na kukificha juu ya kabati. Nimeikuta brashi ile nyumbani tangu nazaliwa. Mpini wa plastiki ya rangi ya maziwa, umegeuka njano kama jino.

Ijumaa moja nikawa nachambua nywele kwenye povu kidevuni mwake, moja moja, kama mtu anayetoa miiba ya samaki kwenye wali. Nikaigeuza brashi nione imeoza wapi. Chini ya mpini kulikuwa na maandishi yaliyokwisha kufutika nusu. Nikafanya ninavyofanya na nyaraka za kazini: nikapiga picha, nikaikuza. *Pure Bristle. Made in England.*

Jioni nikakaa kusoma. Wenzetu wanaopenda vitu hivi wana elimu nzima juu yake. Brashi za bei ya juu hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama mmoja wa Ulaya na Asia anayefanana kidogo na nyegere wetu. Waturuki na Wahispania wana brashi nzuri za nywele za farasi. Siku hizi zipo pia za nyuzi za viwandani. Na ile aina ya kawaida kabisa, iliyouzwa kwa wingi kwa makarani na askari wa dunia nzima, ndiyo hiyo inayoandikwa *bristle*. Katika biashara ya brashi, neno hilo likisimama peke yake, lina maana moja. Nywele za nguruwe.

Nikaiweka simu chini.

Baba si mtu wa kujionyesha kwa dini, lakini sijawahi kumwona akiacha swala. Hata hospitali, siku ya nne, alipokuwa hajaweza hata kutamka jina langu sawasawa, alikuwa anaswali kwa macho. Na kila Ijumaa, kwa karibu miaka hamsini, kabla ya kwenda msikitini, amejipaka usoni brashi iliyolowa ya nywele za nguruwe.

Nilichoamua usiku ule kilikuwa rahisi: nitaiondoa kimyakimya, nitamletea nyingine, na habari itaishia hapo. Mtu ambaye kazi yake ni kutoa habari alilala usingizi mzuri kabisa akiwa ameikalia moja.

*

Nilizunguka Kariakoo kwanza. Nilipata brashi za nailoni kwenye maduka ya vifaa vya saluni, bei poa, na nywele zake hazikuwa mbaya. Shida ilikuwa mpini. Mwembamba kama kalamu, laini, na ukilowa sabuni unateleza. Baba alijaribu Ijumaa moja. Ikamdondoka mara tatu. Mara ya tatu hakuiokota wala hakuniomba niiokote. Alisema tu, "Nipake wewe, mama." Ananiita mama tangu nikiwa mdogo, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, lakini siku ile neno lilinikaa vibaya. Nilimpaka. Tukamaliza kimya.

Zile za nje zenye mipini minene, nikijumlisha usafiri na ushuru, moja ilifika bei ya mbuzi mzima.

Nadhani hapo ndipo wazo lilipoanzia, kwa mbuzi.

Mimi si fundi. Nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa kuandika aya ya kwanza ya habari, sikufundishwa kushika tupa. Lakini brashi ya kunyolea, ukiitazama vizuri, ni vitu viwili tu: fungu la nywele lililofungwa na kugandishwa kwa gundi upande mmoja, na mpini wenye tundu la kulipokea fungu hilo. Nilijiambia haiwezi kunishinda. Ilinishinda mara moja, kisha ikakubali.

Mpini nilianza nao kwa kiburi. Nilikwenda Mwenge kwa wachongaji nikanunua kipande cha mpingo, kwa kuwa mpingo ni mzuri na maji hayauwezi kirahisi. Jioni mbili za tupa na msasa zikanipa malengelenge, na mpingo ukabaki vilevile kama hakuna kilichotokea. Nilipouwekea keekee niliyoazima kwa jirani, biti ilitoa moshi. Nikaenda Keko, kwa mafundi wa samani, nikaokota mabaki ya mninga. Fundi aliniuliza, "Dada, kigogo kidogo hivyo unafanyia nini?" Nikamwambia brashi ya kunyolea. Akanitazama kidevu. Tukacheka wote, akanipa vitatu bure.

Umbo la mpini sikulitoa kwenye picha. Asubuhi moja nilikuwa nakanda unga wa chapati, nikakata donge, nikampelekea Baba sebuleni. "Baba, hebu likamate hili kwa mkono wa kushoto, kama unavyokamata brashi." Akalikamata. Nikamwambia abane. Donge likaniachia alama ya vidole vyake vyote: kidole gumba kinaegemea juu, vidole viwili vinabeba, viwili vya mwisho havina nguvu. Nililiacha donge juani mpaka likakauka, nikalifanya kielelezo. Mpini ukatoka kama yai lililobanwa kiunoni, unene wa sentimita tano chini, tatu na nusu kwenye kiuno, urefu wa saba. Msumeno wa kukatia, tupa ya mbao ya kutengenezea umbo, msasa mkavu halafu msasa laini. Tundu nililitoboa kabla ya kuchonga, maana kipande kikiwa bado cha mraba kinatulia kwenye jiliwa. Ukishakichonga kikawa mviringo, kukishika ni vita. Biti ya inchi moja, kina cha sentimita moja na nusu. Vanishi mikono mitano, kila mkono ukauke siku nzima, na ndani ya tundu pia, kwa kuwa maji huanzia kuozesha pale usipopaona.

Nywele sasa. Nilitaka mnyama aliyechinjwa kwa halali, nywele laini za kushika maji, ndefu za kutosha. Mbuzi wetu wa huku ana manyoya mafupi, isipokuwa sehemu moja: beberu ana ndevu. Nikaenda Vingunguti, machinjioni, nikiwa na mfuko wa plastiki na aibu. Kijana wa kwanza niliyemweleza akawaita wenzake waje wasikie. "Huyu dada hataki mbuzi. Anataka ndevu zake." Kwa siku mbili nilikuwa kichekesho cha machinjio, kisha wakanizoea, wakawa wananiwekea. Nikapata ndevu za mabeberu kumi na wanne. Ndevu za mbuzi peke yake zina ulaini kama pamba, zikilowa zinalala, kwa hiyo nikachukua na singa za mkia wa ng'ombe, chache, za kuweka katikati zitie uti wa mgongo.

Na hapa naomba niwe mkali kidogo kwa yeyote atakayetaka kujaribu. Nywele za mnyama si kitu cha kukata leo na kujipaka usoni kesho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta, na wengine wakafa, kwa sababu ya brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa. Unajikata kidogo na wembe, brashi inapita juu ya kidonda, basi. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani kwa ajili hiyo. Kimeta hapa kwetu si historia, kipo, na vijidudu vyake vina namna ya kujifungia kwenye ganda gumu ambalo kuchemsha kidogo hakulivunji. Machinjioni kuna wakaguzi wa mifugo, ndiyo, lakini mimi sikutaka kumwekea Baba dhamana ya mtu mwingine. Nilifua nywele kwa sabuni ya unga mara tatu, nikazifunga kwenye kitambaa, nikaziweka kwenye lile sufuria la presha ambalo Mama alikuwa anapikia maharage, juu ya wavu ili mvuke uzipite, nusu saa nzima toka kifuniko kilipoanza kupiga filimbi. Sufuria hilo halikurudi jikoni.

Kazi ya kuchambua ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kila unywele una shina na ncha, na ncha zote lazima zielekee upande mmoja, maana ncha ndiyo inayogusa ngozi. Kwa macho huwezi kujua. Lakini ukiushika unywele kati ya kidole gumba na cha shahada, ukavisugua vidole mbele na nyuma, unywele unatembea wenyewe, na siku zote unatembea kuelekea shinani. Magamba madogo ya unywele ndiyo yanayousukuma. Nilikaa mezani jioni nyingi nikisugua ndevu za mbuzi, na Baba amekaa pembeni na redio yake, ananiuliza, "Bado tu?" Namwambia, "Bado, Baba." Siku nyingine anataka kujaribu. Mkono wa kushoto ukawa unasugua, unywele unatembea, naye anaangalia kama mtoto.

Brashi ya kwanza niliiharibu kwa mkasi. Fungu lilikuwa na ncha zisizo sawa, nikaona nizipunguze, nikalikata likawa la duara safi kama limenyolewa saluni. Zuri kwa macho. Nilipojipaka shavuni nikaruka: lilikuwa linachoma kama mabua. Ncha ya asili ya unywele ni nyembamba na laini, ukiikata unabaki na kisiki. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba umbo la brashi haliletwi na mkasi. Unaanza na umbo. Unachukua fungu, unalitumbukiza kichwa chini kwenye chombo chenye kitako cha mviringo, unagongagonga mezani taratibu, na kila ncha inashuka mpaka inapokutana na kitako. Mimi nilitumia kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono wanavyonywea wazee barazani. Ukishagonga vya kutosha, unalifunga fungu kwa juu, yaani kwenye mashina, kwa uzi wa nailoni wa wavuvi, unakaza mpaka vidole viume, unafunga mara ya pili. Ndipo unakata, lakini unakata mashina, ambayo hakuna atakayeyaona. Halafu gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, ipenye katikati ya mashina isipande juu, siku moja ikauke. Kisha ndani ya tundu, gundi tena, siku nyingine. Nje zikabaki sentimita tano.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kukata mwisho wa habari ili itoshe ukurasa. Nilimkumbuka sana wiki ile.

Nikailowesha mara ya kwanza, na nyumba nzima ikajua. Jamani, beberu! Harufu ya beberu haisamehe. Nikaifua kwa sabuni, kwa siki, kwa ndimu, nikawa naitolea povu kila jioni na kuiacha ikauke, siku tisa. Siku ya kumi nikamnusisha Baba bila kumwambia ni nini. Akasema, "Sabuni." Nikajua imeiva.

*

Ijumaa ya kwanza alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Mpini ulikaa mkononi mwake kama umezaliwa humo, na kwa kweli umezaliwa humo. Akazungusha kwenye bakuli, povu likapanda, akajipaka shavu la kushoto, la kulia, chini ya pua, na sikio pia kama kawaida. Haikudondoka. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Umenitengenezea nywele za nini?"

Nikamwambia kwa majivuno yote ya fundi mpya: ndevu za beberu, Baba, na singa za ng'ombe katikati, vyote vya Vingunguti, vimechinjwa kihalali, mwenyewe nimeshuhudia. Nilikuwa nimelirudia lile neno, kihalali. Baba hakuwa karani wa reli miaka thelathini bure. Mtu akikazia jambo ambalo hakuulizwa, yeye huuliza la pili.

"Na ile ya zamani ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa na wembe mkononi. Naikumbuka sekunde ile vizuri kuliko nyingi za maisha yangu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nailoni. Baba alikuwa ananitazama kwa jicho lile la kushoto lisilolegea, povu uso mzima, na mimi nikaona kwamba nikimdanganya mtu huyu akiwa amekaa hivi, na mimi nimeshika wembe kooni mwake, basi sitakuwa na mahali pengine pa kuanzia ukweli.

"Nguruwe, Baba."

Hakusema kitu. Akaniashiria ninyoe. Nikanyoa. Alikwenda msikitini, akarudi, akala kidogo, akalala mapema.

Mimi nikaenda kazini kesho yake kama kawaida, na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli. Kazini tunasema mtu ana haki ya kujua. Tunalisema vizuri, kwenye semina, kwenye vikao vya wahariri. Lakini habari ikishatoka sisi huwa tunaenda kwenye habari nyingine, na aliyeambiwa ndiye anabaki nayo chumbani. Baba alibaki nayo usiku tatu. Nilikuwa nikiamka nasikia kitanda kinalia, nachungulia, nakuta ameketi kwenye giza. Usiku wa pili nilimkuta anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Sikuuliza anahesabu nini. Nilijua ni Ijumaa.

Baba ni mtu wa Tanga, na nyumbani kwa mtu wa Tanga wa rika lake hukosi vitabu vya Shaaban Robert. Nilipomaliza darasa la saba alinikalisha akanisomea Utenzi wa Hati, ule ambao mshairi alimtungia binti yake, Mwanjaa. Tumekuzwa na maandishi mengi ya baba akimwasa mtoto. Usiku ule, nimesimama mlangoni kwake, nilitamani kungekuwa na moja la mtoto aliyemwambia baba jambo la kweli, kisha hajui afanye nini.

Siku ya nne akaniambia nimpigie Maalim wake, Tanga, nimwekee simu kwenye spika kwa sababu ulimi wake bado unajikwaa. Nikaeleza mimi. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, kukawa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kuzungumza na Baba, si na mimi, taratibu. Akamwambia sisi wa pwani tunafuata Shafii, na kwa Shafii mnyama yule ni najisi nzito, hilo halina mjadala. Lakini wapo maimamu wakubwa, Maliki mmojawao, waliosema nywele zake si najisi. Na juu ya swala za mtu ambaye hakujua, wanazuoni wana kauli mbili, nzito na nyepesi. "Wewe ni mgonjwa, Bwana Karani. Chukua nyepesi. Mola wako hakukununulia mtego Mombasa." Baba akatoa sauti ambayo nadhani ilikuwa kicheko. Maalim akamalizia: kilichobaki ni kujitoharisha. Mara saba, moja yake kwa udongo.

Nilichota udongo nyuma ya nyumba, chini ya mlimao, mahali pasipokanyagwa. Nikauchekecha kwa chujio la chai, nikauchanganya na maji kwenye beseni mpaka ukawa uji mwepesi. Baba alikaa kwenye kile kiti chake cha kunyolewa, taulo lilelile begani. Alitaka kuanza mwenyewe, akaanza. Kiganja cha kushoto kikachota, kikapaka. Lakini udongo si povu, unateleza na kuingia machoni, na upande wa kulia haukumfikia. Akasimamisha mkono. "Malizia wewe, mama." Nikamalizia. Nikampaka baba yangu udongo usoni, paji, kope alizozifumba, shavu lililolegea, kidevu ninachokijua kila kishimo chake, kisha nikauosha. Halafu maji, mara ya pili, ya tatu. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Saba aliitamka vizuri kabisa, bila kujikwaa.

Siku hiyo alilala mpaka adhuhuri ya pili, ikabidi nimwamshe aswali.

*

Nimeulizwa na rafiki kama najuta kumwambia. Siku nyingine, ndiyo. Nikikumbuka vile vidole vikihesabu gizani, najuta. Nikikumbuka ile namba saba, sijuti. Sijapata jibu moja, na nimeacha kulitafuta. Ninalojua ni kwamba toka siku ile ananiuliza mambo ambayo alikuwa haniulizi: daktari alisema nini hasa, mkono huu utarudi au hautarudi. Namjibu. Ameshajua kwamba nitamjibu.

Brashi ya zamani aliniagiza ning'oe nywele zote nikazifukie, mpini niuoshe namna ileile, mara saba, moja kwa udongo, nimpelekee. Sasa uko dirishani kwake, mtupu, na tundu lake linatazama juu. Sikumuuliza anautakia nini. Mtu ana haki ya kuweka dirishani kitu alichokaa nacho tangu 1976.

Ya mninga inaendelea na kazi. Vanishi imeanza kufifia pale kidole gumba kinapoegemea, kwa hiyo nitaongeza mkono mmoja kabla ya masika. Baada ya kunyoa naisuuza, naikung'uta, naitundika kichwa chini ili maji yasishuke kwenye gundi. Mpaka sasa zimetoka nywele mbili tu, nimezihesabu. Brashi iliyofungwa vizuri hukaa miaka mingi, lakini kabatini, kwenye bahasha ya kaki, nimeweka ndevu za mabeberu wengine wanane, zimeshasafishwa na kupangwa ncha, tayari kwa brashi ijayo. Baba aliziona juzi akitafuta dawa zake. Akaniuliza za nini, nikamwambia.

"Basi tafuta na kigogo kingine," akasema, "na hiki kiuno ukipunguze kidogo. Vile viwili vya mwisho vimeanza kushika."